Mpiga Besi wa Chumba cha Uani

Siku besi yake ilipoingia nyumbani kwetu, iliingia kama maiti.

Ilikuwa saa tisa za mchana, na mimi nilikuwa barazani napepeta mchele. Nikaona kundi la wanaume linakata kona kutoka upande wa soko la Kariakoo, vichwa vimeinama, mabegani wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe. Mbele yao mzee mmoja alikuwa akitoa shahada kwa sauti. Nyuma kabisa, akisukuma mkokoteni mtupu, alikuja mpangaji wetu wa chumba cha uani, yule mpiga besi, uso mkavu kama kawaida yake.

Nyumba ile tuliachiwa na wazazi. Mama alitangulia, baba akafuata kabla ya mwaka kutimia, na wote wawili walitokea mlango ule ule, juu ya mabega kama yale. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la tano, nikabaki na vyumba sita, wapangaji wanne, karai la kukaangia vitumbua, na mdogo wangu Tatu wa kulea. Kwa hiyo nilipoona jeneza linaelekea mlangoni kwangu, ungo ulinitoka mikononi.

"Mwenye nyumba nani?" mzee aliuliza.

"Mimi."

"Pole, binti yangu. Mwenyezi Mungu awape subira."

"Amefariki nani?"

Mzee akamgeukia mpiga besi. Mpiga besi akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayeshukuru. Tatu alikuwa tayari ameshika kichwa analia. Wakaishusha barazani taratibu, na ilipogusa sakafu ikatoa sauti moja nene, ndefu, kutoka ndani ya shuka. Wabebaji wawili walikimbia hadi duka la pili. Wa tatu alibaki kwa sababu miguu ilimgomea.

Ilikuwa besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao, ndefu kuliko mimi. Aliinunua kwa bendi moja ya Wagoa iliyokuwa inavunjika. Tumbo la besi lilikuwa limepasuka, akaipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi seremala anayetengeneza majeneza, akabandikiwa, na wakati wa kurudi akaifunika shuka jua lisije likalegeza gundi. Pale sokoni watu waliona maiti anavutwa kwenye mkokoteni. "Maiti hakokotwi kama gunia la nazi, bwana," mmoja akamwambia. "Nani huyu?" Naye akajibu, "Wangu." Basi, yakaisha. Watu wakaacha mizani zao wakaja kutia bega, kila mmoja hatua zake saba, wakapokezana mpaka kwangu.

"Mbona hukuwaambia?" nilimuuliza baadaye.

"Walikuwa wanaibeba vizuri," alisema. "Mkokoteni unairusharusha."

Mtaa mzima ulicheka. Mimi sikuweza kucheka sana. Nilikuwa nimeanza kujua jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Mtu yule hakuwafanyia mzaha. Hakusikia walichokuwa wakimuuliza.

Nililijua kwa sababu ya nyoka. Asubuhi moja nilikuta nyoka amejikunja kwenye kona ya msalani, nikatoka mbio, nikamwona mpiga besi anakuja na ndoo yake. Nikajificha nyuma ya mlango wa jiko nikapiga kelele, "Usiingie humo, kuna nyoka!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Umeamkaje?"

Akaingia, akaoga, akatoka. Nyoka hakumfanya kitu. Wapangaji walisema mtu huyu ana hirizi nzito. Mimi nilibaki jikoni nikikumbuka mara ngapi alikuwa ameniitikia marahaba kabla sijafungua mdomo. Tangu hapo nikawa namchunguza. Ukisimama mbele yake mkatazamana, alijibu sawasawa, kwa sababu macho yake yalikuwa mdomoni mwako. Ukimsemesha kutoka nyuma, ilikuwa kama kusemesha kabati.

Msikitini walimsifu kwa uchamungu. Kila alfajiri alikuwa wa kwanza safu ya mbele, kabla muadhini hajapanda. Imamu alimtolea mfano kwa vijana. Mimi nililala chumba cha pili kutoka chake, nikajua kwamba alikuwa anaamka mapema hivyo kwa hofu. Asiyeisikia adhana hana njia nyingine ya kuiwahi.

Mimi nilidhani masikio yaliharibiwa na mizinga ya vita vya Wazungu kule Bama, mashariki ya mbali, maana nilijua kuwa alikwenda. Mwenyewe hakusema kitu. Na asingeweza kusema, kwa sababu alikuwa na bendi. Kiongozi wao, mpuliza tarumbeta mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa, alikuwa hana huruma na kasoro. Alimwondoa mpiga gitaa kwa kuwa alikohoa katikati ya wimbo. Aliwahi kusema mbele yangu, pale barazani, "Bendi ni saa, dada. Jino moja likivunjika, hutengenezi jino, unanunua saa nyingine." Mpiga besi alikuwa amekaa pembeni yake akitabasamu, macho kwenye mdomo wa yule bwana. Bendi ile ndiyo iliyokuwa mke wake na watoto wake. Siku watakayojua kuwa masikio yake yanakufa, siku hiyo hiyo asingekuwa na kitu duniani.

Basi nikaishika siri ile. Tulikuwa nayo watu wawili, na mmoja hakujua kuwa mwenzake anayo.

Alikuwa na mikono ya mtu mwingine. Mwili wake mwembamba, shingo kama ya kuku, lakini mikono ungedhani ya mchukuzi wa bandarini. Kwa mikono ile aligonga kila kitu. Ukimpeleka Kariakoo kununua ndizi utarudi adhuhuri, maana atagonga kila sanduku, kila debe, kila pipa, kila mlango wa duka, kiganja kimoja kikigonga na kingine kimelazwa upande wa pili kungoja mtikisiko. Wauza masanduku walimzoea.

"Hodi!" mmoja alikuwa akimtania. "Hakuna mtu ndani, mzee. Endelea na safari."

"Hili ni bovu," yeye alijibu. "Lina sauti ya mdomoni tu. Haina kifua."

Alianza na sanduku la chai. Kabla ya ile besi ya Wagoa alikuwa anapigia sanduku lililogeuzwa, fimbo moja, uzi mmoja, na watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Kisha sanduku likawa dogo. Akatafuta sanduku kubwa zaidi, nalo likawa dogo. Akanunua utumbo wa mbuzi kwa wenye bucha, akausokota na kuuanika kwenye kamba yangu ya nguo, karibu na kanga za Tatu, tukagombana siku tatu. Nyuzi za utumbo zikawa nyepesi. Akajaribu waya wa breki ya baiskeli, ukamchana vidole. Ndipo akatafuta besi ya kusimama, na kwa muda wa kama miezi sita akawa mtu mwenye furaha. Niliiona furaha ile. Alikuwa akirudi kutoka dansini anapiga mluzi, mluzi usio na wimbo wowote, maana hakuusikia.

Alikuwa akilaza shavu lake kwenye shingo ya besi anapopiga, macho amefumba, kama anaambiwa siri. Vijana wa bendi nyingine waliona ni mtindo. Haukupita muda kila mpiga besi mjini analaza shavu, hata wale wa masanduku ya chai, ambao ilibidi wapige magoti kuifikia fimbo. Mpiga besi wetu aliwaona akacheka sana. Ile ndiyo mara moja tu nilimwona anacheka mpaka machozi. Wao waliiga mkao. Yeye alikuwa anasikiliza kwa mfupa wa taya.

Halafu nayo besi ya Wagoa ikawa ndogo.

Alikuja barazani siku hiyo akakaa chini, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Mwanangu, nyumba hii ina umeme."

"Una taa chumbani kwako."

"Si wa taa."

Kulikuwa na fundi wa redio upande wa Kisutu, Mhindi mtaratibu, anavaa miwani miwili kwa zamu, ya karibu na ya mbali. Yeye ndiye aliyemtengenezea sanduku la kukuzia sauti. Ndani yake mlikuwa na taa za redio zilizowaka nyekundu, mbele spika iliyotolewa kwenye redio kubwa ya zamani, na waya mrefu uliokwenda mpaka kwenye tumbo la besi, ambako alifunga kwa mpira wa baiskeli kile kichwa cha gramafoni kinachoshika sindano. Uzi ukitikisika, mbao zinatikisika, kichwa kile kinapeleka mtikisiko kwenye sanduku, na sanduku linanguruma.

Fundi alikuja mwenyewe kulifunga. Alilitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Mita ya umeme ilikuwa ukumbini, na chini yake swichi kubwa ya kuzima nyumba nzima.

"Hii kitu nguvu yake nyingi kuliko nyumba yako," aliniambia. "Yeye anataka zaidi, kila siku zaidi. Mimi nimefunga vizuri, lakini waya ni waya. Akipiga, wewe kaa hapa. Moshi ikitoka, zima. Usiulize mtu."

"Nikikosea?"

"Dada, hii si jiko. Ikitoa moshi, hapana ngoja iive."

Akamgeukia mpiga besi, akamshika bega ili amtazame. "Umesikia, bwana? Mikono majimaji, hapana shika. Iko kifo humu ndani."

"Nimesikia," mpiga besi akasema. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

Ndivyo ilivyokuwa kazi yangu. Kila alasiri alipofanya mazoezi nilihamisha mchele wangu ukumbini, nikakaa kigoda chini ya mita, mkono wa kulia karibu na swichi. Nilipepeta, nilichambua, nilishona, nilimfundisha Tatu mapishi, yote nikiwa pale. Watu waliokuja kunisalimu waliniona kama mlinzi wa benki. Sikumweleza mtu.

Na sauti ile nitaisemaje? Kwanza uliisikia tumboni kabla ya masikioni. Sahani kabatini zilitembea. Nilizipanga nyuma asubuhi, jioni nazikuta zimefika ukingoni, zimejipanga kama watu wanaotaka kuruka. Paka wa nyumba alihama. Juu ya mlango wa uani palikuwa na ufa mwembamba ukutani, wa siku zote. Niliuwekea alama ya mkaa pale ulipoishia. Baada ya wiki mbili ulikuwa umeipita alama. Nikaweka nyingine.

"Unaona ufa huu?" nilimwonyesha.

Akaweka kiganja juu yake. "Huu ndio unaosikia vizuri kuliko wote," alisema.

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, huwezi kujua kama ni hekima au ni ubishi. Alisema mtu akikusifia besi ujue umepiga kwa nguvu mno. Alisema tarumbeta ni mgeni na besi ni mwenyeji, mgeni ndiye anayepewa kiti. Lakini mtu huyu huyu aliyesema besi isisikike, kila mwezi alikuwa anatafuta kitu cha kuizidisha. Hakuwa na gramafoni, alichukia santuri, akasema zina sauti za watu waliobanwa mlangoni. Alikuwa mkali kwa wapangaji wenzake, na hata hivyo mke wa mpangaji wa chumba cha mbele aliposhikwa na uchungu usiku, yeye ndiye aliyempakia kwenye mkokoteni wa besi akamsukuma mpaka hospitali, amemfunika lile shuka jeupe. Yule mama alituambia alikuwa anapiga kelele njiani za kutisha, na mzee hakugeuka hata mara moja. Alidhani ni ushupavu.

Baada ya spika akataka mwangwi. Alikuwa ameingia siku moja kwenye tangi tupu la maji huko bandarini, akagonga, na mtikisiko ulizunguka ukamrudia mwilini mara tatu. Tangu hapo hakutulia. Alijaribu mtungi, akajaribu kisima cha jirani mpaka jirani akamfukuza. Mwishowe akanunua pipa la mafuta lililotobolewa upande mmoja, akalilaza, akaisukumia spika ndani. Sanduku sasa likawa linanguruma kupitia pipa, na pipa linaurudisha ule mngurumo, na akikaa karibu nalo, mguu wake umeligusa, uso wake unalainika kama mtoto aliyelishwa. Ufa ukapita alama ya tatu.

Nilikwenda Kisutu kwa fundi. "Utamwambia aache," nikamsihi.

"Nimemwambia. Amesema ndiyo, ndiyo." Fundi akabadilisha miwani. "Dada, yeye anasikia?"

Nikamtazama usoni. "Anasikia," nikasema.

Hakuniuliza tena.

Kisha ikaja harusi ya Tatu.

Nikaha ilifungwa asubuhi, na alasiri bendi ilikuja kupiga mbele ya nyumba, chini ya turubai. Mpiga besi ndiye aliyewaleta, kwa heshima ya nyumba. Alivaa shati jipya. Nafasi ilikuwa finyu kwa wingi wa watu, wakamtenga na ngoma kubwa. Siku zote alisimama goti limegusa ngoma ile, na macho kwenye mguu wa mpigaji wake, lakini siku ile kati yao walikaa na kucheza mashangazi. Yeye akawekwa mlangoni, pipa lake nyuma yake, karibu na mimi niliyekuwa ukumbini chini ya mita. Ndiyo, siku ya harusi ya mdogo wangu niliiona kupitia mlango, nimekaa kigodani. Wageni walidhani nimenuna kwa kuwa mdogo wangu ameolewa kabla yangu.

Shangazi yetu alitoka Bagamoyo na chetezo chake. Tangu asubuhi alikuwa ameifukiza nyumba udi, vyumba, nguo, wageni, hata mkokoteni. Sikuona alipopita na vyombo vya bendi. Baadaye alisema, "Navyo si vimekuja harusini? Navyo ni wageni." Alifukiza gitaa, alifukiza ngoma, na alipofika kwenye lile pipa akaona mdomo wake unafaa sana, akakiingiza chetezo kwa nyuma ili moshi ujae vizuri, akenda zake kula.

Bendi ilikuwa imekolea. Tatu alikuwa anacheza na mumewe, amefunika uso kwa haya, na mashangazi wanapiga vigelegele. Mpiga besi alikuwa amelaza shavu, macho amefumba. Nikaona moshi unatoka kwenye tobo la pipa. Kwanza mwembamba, halafu mzito, halafu unamiminika kila besi inaponguruma, puh, puh, kama kitu kinachopumua. Nilivuta pumzi nipate kunusa kama ni waya. Nyumba nzima ilinuka udi. Pua yangu haikuweza kuniambia kitu. Vidole vyake vilikuwa kwenye nyuzi, na shati lake limelowa jasho.

Nilizima.

Kipaza sauti cha mwimbaji kikafa. Tarumbeta likaendelea pumzi mbili, likaacha. Gitaa likaacha, ngoma ikaacha. Watu wakasema aaa, wakacheka.

Mpiga besi aliendelea.

Alipiga peke yake, sauti ndogo ya mbao tupu, shavu kwenye shingo, macho yamefumba. Na alikuwa sawa. Mapigo yake hayakupotea hata kidogo. Mtu akasema, "Mzee kanogewa," watu wakacheka tena. Kiongozi wa bendi akasema, "Bwana, simama kwanza." Akasema tena, kwa nguvu. Kisha akamtazama. Akaliweka chini tarumbeta lake, akazunguka nyuma ya mpiga besi, akapiga makofi karibu kabisa na sikio lake. Mara moja. Mara ya pili.

Kicheko kiliisha kuanzia mbele kwenda nyuma, kama mtu anayekunja mkeka. Tatu alifunua uso. Yule mama aliyesukumwa mpaka hospitali akaweka mkono mdomoni.

Alipiga mpaka mwisho wa wimbo. Akafungua macho akitabasamu, kutafuta macho ya wenzake, akaona wote wamesimama wanamtazama, hakuna aliyeshika chombo. Akageukia pipa. Chetezo bado kilikuwa kinafuka.

Mimi nilikuwa nimetoka mlangoni. "Umeme umekatika," nikasema.

Huo ndio uongo wangu. Ulipokelewa kirahisi. Hakuna aliyeujali tena umeme.

Fundi wa redio alikuja kesho yake kulikagua sanduku. "Mzima," akasema. "Hakuna kitu imeungua." Alitazama majivu ya udi ndani ya pipa, akanitazama. "Dada, umefanya vile mimi nilisema." Alinena kwa wema, na mpaka leo sijui neno lililowahi kuniuma kama lile. Kiongozi wa bendi naye alifika, na adabu zake zote, akazungumza taratibu akivuta midomo. "Tutakuita, mzee." Hawakumwita.

Siku ya tatu asubuhi mpiga besi aliipakia besi kwenye mkokoteni. Safari hii hakuifunika. Nilisimama barazani nikamwona anakwenda nayo katikati ya mtaa, kupitia sokoni, jua linaipiga, na watu wote wa Kariakoo wameketi kwenye maduka yao wanaiona wazi ilivyo. Hakuna aliyenyanyuka kutia bega.

Miaka ilipita. Chumba cha uani walikuja watu wengi kukiulizia, nikawaambia kina ufa.

Nilimwona tena Magomeni. Tatu alikuwa amehamia huko na mumewe, nikaenda kumsaidia na uzazi, na mchele wangu wa vitumbua nikaupeleka mashine ya kusaga iliyo karibu naye. Ilikuwa mashine kubwa, mkanda wake unapiga kelele hata meno yanauma. Watu wote mle wanasemezana kwa mikono. Mahali pale kila mtu alikuwa kiziwi, ndiyo maana hakuna aliyemtambua. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mashine, mweupe kwa unga tangu nywele, amelaza shavu kwenye mti wa nguzo, macho amefumba. Mwenye mashine aliniambia, mdomo sikioni mwangu, kwamba mzee yule anajua beringi itavunjika siku mbili kabla.

Akafumbua macho.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimesema kitu. Nikasogea mbele yake nikaanza, lakini alikuwa ameinama kupokea debe langu, na maneno yangu yote niliyoyabeba miaka ile niliyamwaga juu ya utosi wake. "Mimi ndiye niliyezima. Umeme haukukatika. Nilizima mimi."

"Tatu hajambo?" aliuliza alipoinuka. "Nasikia kajifungua."

Juu ya meza ya mashine unga ulikuwa umetanda, laini. Nilinyoosha kidole nikaandika, kwa herufi kubwa za darasa la tano: NILIZIMA MIMI.

Midomo yake ilifuata herufi moja moja. Alichukua muda mrefu. Kisha akaweka kiganja juu ya yale maneno, akayafuta, akausukuma ule unga wote ndani ya debe la mwenye unga, asibakize chembe.

"Unga wa watu," alisema.

Akanishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha magunia. Besi ilikuwa imeegemea ukutani, haina nyuzi. Kando yake, chini ya gunia, kulikuwa na spika ambayo sijapata kuona mfano wake, pana kama ungo, ya jumba la sinema, na waya mnene umezungushwa juu yake kama nyoka aliyelala. Vyuma vyake vya kushikia vilikuwa vimefungwa upya. Alilaza kiganja juu yake.

"Hii nitaisikia," alisema. Kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza kukiri mbele yangu kwamba kuna asichokisikia. "Nyumbani kwako bado kuna umeme?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na chumba?"

"Kitupu," nikasema, naye akalisoma.

"Nitakuja. Kwenye swichi utakaa wewe, simwamini mwingine." Akainama, uso wake karibu na wangu, vumbi la unga kwenye kope zake. "Lakini safari hii, moshi ukitoka, uache."

Nyuma yetu mashine ilikuwa inanguruma, na sakafu ilitetemeka chini ya miguu yetu wote wawili. Alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja. Nikaufumba.